Thelathini na Moja kwa Mia

Jumanne, 7 Julai 1992
Barua ya chuo cha biashara imefika, majibu ya mtihani wa kuingia. Imefika ikiwa imeshafunguliwa! Sina sanduku la posta, natumia la Mzee Mansoor kama wafanyakazi wote wa hapa ghalani Makambako, na binti yake Salha hufungua kila bahasha inayoingia. Ameniwekea juu ya mizani, akaenda kuhesabu magunia ya mahindi upande wa pili. Magunia yale yale aliyoyahesabu asubuhi.

31 kwa mia.

Nimeisoma mara nne nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Imeandikwa Kiswahili chepesi, hata mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Wa hamsini na kuendelea wamefaulu. Wa thelathini hadi arobaini na tisa hawakufaulu, ila wanaweza kufika kwenye usaili, Mbeya, tarehe 23. Waje na barua hii, pamoja na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba mwombaji “anaielewa biashara”.

Nimeponea chupuchupu. Miaka kumi na moja mtunza ghala wa duka la umma Njombe mpaka likafungwa, miaka miwili mpima mahindi hapa. Umri thelathini na sita. Kwenye chumba cha mtihani vijana waliniamkia shikamoo, wakidhani mimi ndiye msimamizi!

Barua nimeificha ndani ya soksi.

Jumatano, 8 Julai
Hesabu 27 kwa 60. Biashara 4 kwa 40. Nne!

Nalijua swali lililoniua. Una magunia kumi ya sukari na wateja ni wengi kuliko sukari, utafanya nini? Nilitabasamu mle ndani. Kazi yangu hiyo! Nikajaza kurasa mbili. Kwanza nitafunga duka. Nitaomba orodha ya kaya kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kilo moja kila kaya, wenye msiba na waliojifungua watangulie, bei ile ile ya serikali. Atakayerudi mara ya pili jina lake lipigwe mstari. Nikachora na jedwali. Kwa rula!

Leo nimemsimulia Salha, kama utani. Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniona uso. Akasema, Baba Festo, siku hizi unapandisha bei, au unatuma gari likalete nyingine. Nani anafunga duka lenye sukari?

Mimi. Ndivyo nilivyofanya miaka kumi na moja, na watu wakaniita mwaminifu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 11 Julai
Nyumbani Njombe. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi. Sijaketi bado, mke wangu kaniuliza, majibu? Hotuba nilikuwa nayo tangu Makambako. Nimefeli, Mama Festo, lakini kuna nafasi. Maneno sita tu.

Nikasema: Yametoka. Wananiita Mbeya tarehe 23.

Kila neno la kweli! Akapiga vigelegele, jirani akatoka nje. Mimi nikainama kufungua kamba za viatu. Nilizifungua muda mrefu sana. Yeye ndiye aliyenisukuma kuomba chuo, maana Mzee Mansoor anataka kufungua duka hapa Njombe na anatafuta meneja mwenye cheti. Nikikipata, narudi kulala nyumbani kwangu. Amechoka kulea peke yake, hasemi tu.

Kesho nitamwambia, baada ya ibada.

Jumapili, 12 Julai
Sikumwambia. Na sasa nitasemaje?

Tumetoka nyumbani, naona amebeba jogoo mwekundu, kamfunga miguu. Wa nini? Akasema, wa shukrani. Nikasema, tusubiri mpaka usaili upite. Akasema Mungu hashukuriwi kwa mkopo. Akatangulia mbele na jogoo wake.

Kwenye matangazo mzee wa kanisa Nahumu akasimama: Familia ya ndugu Manase inamshukuru Mungu, baba amefaulu mtihani wa chuo cha biashara! Kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame. Nikasimama. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Halafu mnada nje, kama kila Jumapili. Vikauzwa vilivyotolewa sadaka: mayai, maharage, kapu la viazi. Jogoo wangu wakamgombania kweli kweli. Aliyempata akamrudisha auzwe tena, na wa pili naye akamrudisha. Wa tatu akamleta mikononi mwangu — amle msomi wetu! Wakacheka wote, kwa upendo kabisa. Ningetamani wanizomee.

Nikiwa nimemshika yule jogoo ndipo likanijia. Kitu kimoja, wateja wengi, nani apate? Jibu la swali la sukari lilikuwa pale pale mlangoni kwa kanisa, Jumapili zote za maisha yangu! Na mimi nikaandika mabalozi.

Lakini lilipofika kapu la viazi, bibi mmoja mjane alitaja bei yake ndogo, na watu wote wakanyamaza. Nahumu akauliza mara tatu kama kuna mwingine. Kimya. Akapewa. Hilo nalo lingepata alama ngapi?

Jogoo tumemla jioni. Kaniwekea firigisi. Nikaitafuna kama dawa.

Jumanne, 14 Julai
Nimemwomba Mzee Mansoor barua ya mwajiri. Nilimwonyesha na alama, maana Salha anazijua na sikutaka azisikie kwake. Aliivuta miwani chini, akasoma, akasema, hii namba ndogo bwana. Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, andika mwenyewe, mimi nitatia sahihi.

Kujisifu kwa mkono wangu mwenyewe! Rasimu tatu nimechana. Mwishowe nikampa Salha achape. Akafika kwenye “anaielewa biashara”, akaacha kugonga mashine. Hili nalo nichape, Baba Festo? Nikamwambia ndivyo chuo kinavyotaka. Akachapa polepole.

Mzee akatia sahihi bila kusoma. Akasema, kuuza hujui, hilo nalijua tangu mwezi wa kwanza. Lakini wakulima wanapita maghala matatu waje kupimiwa na wewe, kwa sababu huwaibii. Mimi hiyo naiita biashara, hao wa Mbeya sijui wanaiitaje.

Nilitakiwa kufurahi. Nikamkumbuka Mama Festo na vigelegele vyake, nikaona aibu upya. Siwaibii wakulima! Mke wangu je?

Jumamosi, 18 Julai
Sikwenda nyumbani. Nimetuma salamu kwamba kazi ni nyingi.

Kazi si nyingi.

Jumatano, 22 Julai, stesheni Makambako
Treni ya Mbeya imechelewa. Saa nne hii asubuhi, walisema saa mbili. Naandika hapa kwenye benchi maana sijui niangalie wapi.

Mama Festo amekuja! Toka Njombe, na wanakwaya watano wenye sare, kunisindikiza. Kamwene, kamwene, salamu za kwetu, mikono kila upande. Wameniletea sweta waliyonifumia. Njia ya mwongo fupi — yangu imefika jukwaa la treni.

Kisha mama mmoja wa kwaya akasema, tusomewe basi hiyo barua, nasi tuisikie. Wote wakaitikia. Mama Festo ndiye msomaji wao kanisani, ana sauti. Akanyoosha mkono. Nikasema imo ndani ya mzigo. Akasema, si hiyo naiona kwenye koti? Akaichomoa mwenyewe.

Akasimama, akakohoa kidogo kama anavyofanya kabla ya somo. Nikaangalia reli.

Hakusoma. Nikahesabu moyoni: sasa yuko kwenye alama. Sasa yuko kwenye “hawakufaulu”. Akaikunja, mara mbili, vizuri. Akawaambia wenzake: Jamani, imeandikwa Kiingereza kitupu. Tuimbeni tu.

Wakaimba. Wanaimba hata sasa, ubeti wa tatu. Yeye haimbi. Ameketi hapa benchi, kati yetu kuna sweta. Hajaniangalia. Barua kaifunga kwenye pindo la khanga, fundo gumu.

Kule mbele watu wameanza kusimama na mizigo, treni inasikika. Bila barua ile siruhusiwi kuingia kwenye usaili. Lazima nimwombe. Nimeshamwita mara moja, Mama Festo — kwa sauti ndogo. Kasema, maliza kwanza kuandika.