Uriel, Sauti Yako Imerudi Kutoka Oruro

Mwaka umetimia, Uriel Zuluaga, tangu moyo wako ulipogoma katikati ya zamu, pale kwenye kiwanda cha nguo, hapa Bello, spana ikiwa bado mkononi. Tulidhani tangazo hili tungeliandika tukilia. Kumbe tunaliandika tukiwa tumetuliwa mzigo, wengine wetu tunacheka kabisa, na wa kulaumiwa ni wewe.

Mtaani walikujua kwa nywele zilizofika kiunoni na fulana nyeusi zenye mafuvu. Bibi Ascensión wa nyumba ya kona alikuwa akijipiga ishara ya msalaba kila ukipita, halafu anakuita hapohapo: "Wee shetani, njoo unibebee mtungi wa gesi!" Nawe unajibu kwa ile sauti yako ndogo, ya mtoto wa altareni, "Shikamoo bibi, shetani kafika." Ulimbebea mitungi hiyo mpaka wiki ya mwisho. Siku ya maziko yako alilia kuliko sisi, akawa anauliza watu, sasa atamwita nani shetani.

Ukitoka kazini ulikunywa kikombe chako cha maji ya sukari guru ukiwa umesimama, unajifungia chumbani, na nyumba inaanza kutetemeka. Mama yako Otilia, ambaye alisimama mbele ya mashine za kufuma tangu usichana wake mpaka walipompumzisha, hakuwahi kuuelewa muziki ule wa magitaa makali. Ulimwambia, "Mama, huu ni kiwanda tu, ila kimefundishwa kuhesabu." Akakujibu, "Mimi kusikiliza kiwanda nililipwa, baba. Wewe unasikiliza bure?" Ulicheka mpaka ukapaliwa, na tangu hapo ukawa unamhadithia kila mgeni.

Muziki wako haukupigwa redioni. Uliletwa na posta, kaseti moja moja, kutoka kwa vijana wa Manizales, wa Lima, wa Oruro, waliorekodi gerejini na mabandani na kuuziana mkono kwa mkono. Mwaka mzima unasikiliza, Desemba unachagua. Ulikuwa unazipanga nyimbo nane ulizozipenda kuliko zote kwenye kaseti moja, kuanzia ya nane kupanda hadi ya kwanza. Wa mbali walitumiwa kopi zao mapema, maana posta ina mambo yake. Marafiki wa hapa Bello walingoja sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari, waje nyumbani wasikilize wote pamoja, wabishane, wale maandazi ya jibini ya Mama, ndipo wapewe zao. Na wa mbali walikuwa na utaratibu wao wa kujibu. Desemba inayofuata wanakuletea kaseti: upande mmoja nyimbo walizozipenda wao, upande wa pili kopi ya ile uliyowatumia, ujue kwamba ilifika salama. Sisi utaratibu huo hatukuujua. Tungeujua, mwaka huu wote usingekuwa vile ulivyokuwa.

Desemba ile ya mwisho ulifanya jambo geni. Uliazima kipaza sauti kwa rafiki yako Msumeno, yule mpiga gitaa ambaye hakuna anayekumbuka jina alilobatizwa, ukafunga mlango. Dada yako Nubia alikusikia kupitia ukuta ukijizoeza kutaja majina ya makundi. Wewe! Uliyekimbia kipaza sauti kwenye harusi yake, ukamwacha shemeji Horacio, bwana harusi mwenyewe, akitoa hotuba ya upande wetu! Miaka yote uliona haya na sauti yako, eti haifanani na nywele. Mama alifurahi sana aliposikia kwamba umeongea kwenye kaseti. Alisema ataisikiliza siku ya Mamajusi, kelele na yote.

Ukafariki siku mbili kabla. Marafiki zako walikuja hivyohivyo siku yenyewe, wamevaa nyeusi kama kawaida yao, na mara hiyo hakuna jirani aliyewashangaa. Waliosha vyombo, wakafagia uwanja.

Tulipofika mwisho wa novena, zile siku tisa za kukuombea, shangazi Edilma, mgonjwa kule Yarumal, akaomba arekodiwe rozari ya siku ya tisa naye ashiriki. Mama akachukua redio kaseti yako. Ndani mlikuwa na kaseti isiyo na jina, akaamini ni tupu. Akabonyeza kitufe cha kurekodia, kitufe kikakataa kushuka. Akakumbuka ujanja uliomfundisha mwenyewe: kaseti ikivunjwa vile vijino vyake vya juu hairekodiki tena, ila ukiziba tundu kwa kikaratasi inakubali. Akatafuna kikaratasi, akaziba, kitufe kikashuka. "Mnaona?" akatuambia, akifuta machozi. "Mwanangu kanifundisha." Tukamsifu wote. Tukapiga magoti tukasali mafumbo yote matano na litania yake.

Jumamosi yake Msumeno akaja, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Naomba ile kaseti ya Uriel, tuifanyie kopi, wenzangu wanaililia. Haijaandikwa jina. Aliiacha ndani ya redio."

Mama alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

"Ndani ya redio ipi?"

"Yake, mama. Ile ya chumbani."

Msumeno alikwenda kukaa kitandani kwako akaisikiliza rozari ile yote, neno kwa neno, akitafuta kama umebaki mahali. Akageuza upande wa pili, mtupu. Tangu hapo anaijua litania kuliko katekista, na tumemtania sana, lakini siku ile hakuna aliyetania. Alitoka macho mekundu. Mwishoni kabisa, baada ya amina ya mwisho, ilikuwa imesalia chembe ya gitaa.

"Na sauti yake?" Mama akauliza.

"Hapana, mama. Haimo."

"Nimemfuta," Mama akasema. "Nimemzika mwanangu mara ya pili, kwa mkono wangu, na rozari."

Nubia alimwambia, "Hukujua, mama." Horacio akamwambia sala si dhambi. Padri naye alimwambia hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Yaliingia huku yakatokea kule. Mama aliendelea kwenda kanisani, lakini rozari hakuisali tena kwa sauti. Wenzake wakisali, yeye amebana midomo, shanga zinapita vidoleni tu. Kaseti ile hakuituma. Shangazi Edilma mpaka leo anaamini posta wameiiba, na tunaomba asilisome tangazo hili.

Tulikutafuta, Uriel. Tulijua mwaka ule ulikuwa umewahi kutuma kopi moja tu kabla ya Krismasi, maana stempu zake alilamba Nubia, akalalamika na ladha yake. Lakini bahasha uliiandika wewe, na anwani zote ulikuwa nazo kichwani. Nubia alikumbuka neno moja tu, Bolivia. Sasa Bolivia ni nchi, si uchochoro, utagonga mlango gani? Msumeno aliuliza kila mtu mwenye nywele ndefu kuanzia hapa hadi Manizales. Hakuna aliyejua. Ilipofika Oktoba tukaacha kulitaja mbele ya Mama.

Wiki ya Krismasi mtu wa posta akaleta kifurushi kidogo kilichofungwa karatasi ya kaki. Kimeandikwa jina lako. Mtumaji Zenobia Choque, Oruro, mji ambao wakati ule haukutuambia kitu. Horacio akashauri kirudishwe, ujumbe ukiambatana kwamba mwenyewe hayupo. Mama akakataa. "Ni cha Uriel," akasema, akakiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na picha yako. Pale kikakaa. Tulijua ni kaseti. Tulidhani ni kelele nyingine tu, na nani alikuwa na moyo wa kuzisikiliza?

Msumeno akaja kula uji mzito wa Krismasi, kama ulivyokuwa ukimleta kila mwaka. Kijiko cha tatu kikaishia hewani.

"Mama, kile kimetoka wapi?"

"Kwa msichana mmoja wa Oruro. Maskini, hajui."

"Oruro ya Bolivia?"

"Kwani kuna nyingine?"

Msumeno akasimama, kiti kikaanguka. "Mama! Upande wa pili! Hawa wa mbali wakijibu, upande wa pili wanarudisha kopi ya ile waliyotumiwa! Jamani, mimi ni mjinga gani, mwaka mzima!"

"Kaa chini uongee taratibu," Mama akasema, lakini yeye mwenyewe alishainuka, na kifurushi alishakitia kwapani. Hakumpa mtu. Alikifungua mwenyewe kwa kisu cha nyanya, akaiweka kaseti redioni upande wa pili, akabonyeza, akabaki amesimama na mkono juu ya redio.

Kwanza ni mchakarisho tu, kama mafuta yanakaanga. Kisha: "Habari zenu. Mimi ni Uriel, wa Bello. Samahani kwa sauti yangu."

Nubia alipiga yowe. Horacio, ambaye kwenye msiba hakulia, alilia pale, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Mama hakusogea hata kidogo.

Tulikusikiliza wote, nyimbo zote nane. Ya nane ulisema mpiga ngoma anakimbia kuliko wenzake na ndiyo maana unampenda. Ya sita ni wale wa Lima, ambao kaseti yao iliharibika ikawa inakwenda polepole, na ukasema afadhali ilivyoharibika. Ya nne uliiomba radhi, eti kama si mwaka mzuri hivi ingekuwa ya pili. Ya tatu ilikuwa yake Zenobia na kaka zake, ukasema inatoka chini ya ardhi kama wao wenyewe, watoto wa wachimbaji wa madini ya bati. Hukudharau hata mmoja. Ulivyokuwa unasifu watu, Uriel! Tulisahau.

Halafu ukafika kileleni. "Namba moja," ukasema. "Hapa sina ubishi na mtu. Ni kundi la Padri Kiziwi, wa Manizales. Walirekodi bandani kwa kuku, na mkitega sikio, kuku wenyewe wamo. Mimi naona..."

Na hapo, kutoka nyuma ya ukuta, kwa mbali lakini wazi kabisa, ikaja sauti ya Mama:

"Urieeel! Punguza hiyo kelele, maharage yanapoa!"

Nawe ukacheka kidogo, ukageuza uso pembeni ya kipaza sauti, ukamjibu:

"Naja, mama. Naja."

Kisha ngoma za wimbo zikalipuka.

Mama akasema, "Rudisha." Msumeno akarudisha. Akasema tena rudisha. Mara ya tatu alikaa chini, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanatikisika, na tukaogopa, mpaka alipoishusha tukaona anacheka na machozi yanamwagika. "Nilidhani nimemfuta," akasema. "Mungu wangu, asante. Nilidhani nimemfuta, kumbe tumo wote wawili."

Ndipo tukageuza upande wa Zenobia. Naye kaongea, maana wewe ulianza. Anasema kaseti yako ni nzuri kuliko zote ulizowahi kumtumia, kwamba amewafanyia kopi wenzake wa Potosí na Lima, na umsalimie mama yako. "Huku kila mtu anaijua sehemu yake," anasema. "Tukifika namba moja tunapiga kelele pamoja naye, maharage yanapoa!" Tumemwandikia Zenobia, tukampa habari za msiba. Salamu zake amejibu Mama mwenyewe: anauliza huko kwao maharage wanayapika na nini.

Usiku huohuo Mama alishika rozari yake. Tulimsikia kupitia ukuta, kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka litania. Nubia alikaa ukumbini akimsikiliza mpaka mwisho.

Msumeno amekufanyia kopi za kila mtu. Amezivunja vijino, na vikaratasi vyote vidogo nyumbani humu Mama amevitia motoni vikaungua. Mwaka huu nane bora wamezichagua Msumeno na Nubia, wamegombana vibaya sana, ungefurahi.

Misa ya kukuombea ni tarehe nne Januari, asubuhi, parokiani kwetu. Siku ya Mamajusi, alasiri, nyumba iko wazi: itapigwa kaseti yako kwanza, kisha ya mwaka huu, na maandazi ya jibini yapo. Bibi Ascensión amesema anakuja, atakaa karibu na mlango.

Wanakukumbuka mama yako Otilia, dada yako Nubia na shemeji Horacio, shangazi Edilma wa Yarumal, rafiki zako wote wa Bello wakiongozwa na Msumeno, na tangu mwaka huu Zenobia Choque na kaka zake wa Oruro.

Hutoki mioyoni mwetu, Uriel. Maharage yako mezani, na sauti hatupunguzi.