Mlango wa Taa wa Sundbyberg

Mama,

Mlango wako wa taa wanauondoa kesho. Naandika nikiwa kwenye treni kurudi nyumbani Hagsätra, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Unamkumbuka yule msanii aliyekuja kanisani kabla ya baridi, akitafuta watu wa kubisha hodi kwa lugha zao ili arekodi sauti zao? Alisimamisha milango mitupu pale uwanjani Sundbyberg, haina nyumba nyuma yake, ili watu wapate cha kuchezea kwenye giza hili la majira ya baridi. Ukishika kitasa sauti inabisha. Ukiitikia, mlango mzima unawaka. Ulimfundisha kama unavyomfundisha mtoto: hodi ni mara tatu, isipoitikiwa mtu anageuka na kwenda zake, hakuna kung'ang'ania mlango wa watu. Naye akautengeneza hivyo hivyo. Halafu ukafa kabla theluji haijaanguka, milango ikawashwa wewe haupo.

Mama, hawa Waswidi hawajui kuitikia. Wanashika kitasa, wanakusikia, wanatabasamu kwa adabu, wanangoja. Hodi. Hodi. Hodi. Kisha kimya, nao wanaondoka. Siku ya kwanza kuona hivyo nilidhani nitarukwa na akili. Mama yangu anabisha kwenye baridi hii na hakuna anayemkaribisha. Tangu hapo kila nikitoka kazini napita. Nashika kitasa, nasema, "Karibu, Mama," taa zinawaka, nashika tena. Watoto wanapanga foleni nyuma yangu nami sitoki. Siku moja mzee mmoja Mkongomani alinitangulia, akakuitikia, "Karibu, mama, ingia," kwa upole kabisa. Badala ya kumshukuru nikamwonea wivu, nikaangua kilio mbele yake. Masikini, akanipa leso yake.

Leo msanii amenikuta pale. Akasema sauti zote zinafutwa. Yako angeweza kunitumia, ila ulimkataza mwenyewe. "Nikishaondoka, sauti yangu isizurure." Alisema kwa Kiswidi, lakini nilikusikia wewe kabisa. Wewe uliyekuwa hupendi hata kupigwa picha, uliyekuwa ukikata simu badala ya kuacha ujumbe. Ndiyo maana sina sauti yako popote pengine. Nimepekua simu zote, sina. Mwanangu Amani amenisaidia kutafuta, na juzi aliniambia, kwa Kiswidi chake, kwamba hakumbuki tena vizuri bibi alivyokuwa akiongea. Alisema huku anakula, wala hakujua ameniua.

Wosia wa mzazi hauvunjwi. Najua, umenilea mwenyewe. Nilisimama pale nikajaribu kumwambia afute, mdomo ukakataa. Nikajaribu tena. Nikajikuta nimemshika mkono yule msanii, mtoto wa watu, namsihi anitumie, anitumie leo, kabla sijapata akili.

Ameituma. Imo humu kwenye simu, mfukoni, na naogopa hata kuigusa.

Kasirika, Mama. Njoo ndotoni unigombeze, nitashukuru. Ninachokuahidi ni kwamba haitazurura. Sitaiweka mtandaoni, sitamtumia shangazi hata akilia. Itasikika kwangu mimi na Amani tu, na siku nitakapoweza kulala bila kuisikia nitaifuta kwa mkono wangu. Siku hiyo siioni.

Nenda salama, Mama. Wewe ulikuwa tayari. Mimi ndiye niliyeshindwa kukuacha.

Mwanao mkaidi,
Rehema