Makuti ya Bi Mwanaisha

Jumatano, baada ya magharibi

Hapana, hapana, hapana. Fomu zangu zote za leo. Nimetumwa Tongoni kupima utalii unawaingizia nini wanakijiji, na kila mlango nimeuliza: "Kuna anayefanya kazi ya utalii humu?" Wameomba barabara kwa hoja kwamba utalii unawalisha; ripoti ikitoka hivi, ombi lao limekwisha.

Nyumba ya mwisho, Bi Mwanaisha hata hakuinua macho. "Mwanangu, mie na utalii wapi na wapi? Wageni wanakwenda magofuni, mie nasuka makuti yangu."

Nikaandika hapana. Nilipokuwa naaga, nikamuuliza rundo lote lile la makuti anamsukia nani.

"Si mahoteli ya Pangani, wanaezekea mabanda ya wageni! Wanawake wa mtaa huu wote tunawasukia wao."

Uso ukaniwaka. Tatizo si Tongoni, ni swali langu.

Msimamizi anataka fomu kesho saa nne. Atanifokea, najua, na mkataba wangu bado mchanga. Na anifokee. Kesho naanza upya nyumba ya kwanza, na neno utalii silitaji. Nitapiga shikamoo, nikae chini, niulize: "Unatengeneza nini, bibi, na kinakwenda wapi?"