Bibi wa Kuwasindikiza Wageni

Jumatano. Joto la kunata tangu asubuhi.

Naandika hapa kwa sababu kazini hakuna anayesoma Kiswahili. Ujasiri wangu unaishia hapo.

Wiki hii, katika masomo yangu ya historia kwa njia ya posta, nimefika kwenye sheria ambazo miji ya Ujerumani iliwawekea Wayahudi zamani. Frankfurt iliwabana katika mtaa mmoja wenye mageti, yakifungwa usiku na Jumapili. Ikawapangia hata idadi ya harusi kwa mwaka: kumi na mbili, basi. Nawaona wale madiwani, matumbo yameshiba, wakijadili kwa uzito kama bibi harusi wa kumi na tatu atauangusha mji.

Nuremberg ndiyo iliyonichekesha. Iliwafukuza Wayahudi, kisha ikatamani biashara yao. Basi Myahudi akaruhusiwa kuingia mchana tu, alipiwe ushuru wa mwili wake kama ng'ombe, na atembee akisindikizwa na bibi kizee. Mji wenye kuta, minara na askari, unalindwa na bibi kizee! Niliwadharau kwa raha, kwa kuwa wamekufa na hawawezi kunifukuza kazi.

Leo meneja wa ghala letu hapa Clairwood, ninakofanya ukarani ugenini, amenipa tangazo nilichape. Boksi la betri limepotea. Hakuna anayejua nani kalichukua, kwa hiyo wamejulikana: ni wageni. Kuanzia kesho, asiye raia hatatembea ndani ya ghala bila kusindikizwa. Msindikizaji ni MaDlamini, anayetupikia chai. Amepita miaka sitini na magoti yake ni mabovu.

Nililisoma mara mbili, kwa kuwa mimi pia si raia.

Meneja akaniona. "Wewe usijali," akasema. "Wewe ni mtu wetu. Ongeza mstari chini, weka jina lako, kwamba hili halikuhusu."

Mtu wetu! Barua ya kibali changu cha kazi anaisaini yeye. Miji ile nayo ilikuwa na Wayahudi wake wenye barua za ulinzi, mpaka mkubwa fulani aamke vibaya.

Nilijibu, "Asante, bosi." Nilisema hivyo. Sitajificha.

MaDlamini alipoleta chai nikamsomea. Alicheka mpaka akashika meza. "Eish, mwanangu! Na chooni je, nimshike mtu mkono?" Kisha kicheko kikakatika. "Jean naye?" Jean ni dereva Mkongo anayembebea ndoo ya maji kila asubuhi.

"Naye, mama."

"Na wewe?"

Nikageukia mashine yangu.

Nilichapa tangazo lote. Mstari wenye jina langu sikuuandika. Meneja akasaini bila kusoma, kama kawaida yake, na mimi nikalibandika mlangoni.

Huo si ushujaa. Shujaa angekataa kuchapa. Nadhani hata karani wa Nuremberg alikuwa na mwandiko mzuri.

Kesho saa moja asubuhi nitasimama getini pamoja na madereva. MaDlamini atanisindikiza polepole, kwa magoti yake yale, hadi kwenye meza yangu, tukipita mbele ya dirisha la meneja. Ninaogopa.

Lakini ndipo bosi atakaposoma alichosaini.