Miaka Minane ya Pilo Duvergé

Jumatatu, 6 Novemba

Haldane kapiga simu kutoka Marekani katikati ya kifungua kinywa. Ndizi za kuponda zimepoa, Minerva kaninunia. Mke wangu hapendi simu mezani — lakini bosi wa klabu ya besiboli nitamkatiaje?

Wanataka kumpa Pilo Duvergé mkataba wa miaka minane. Minane! Haldane anasema kompyuta zao zimeshakubali, sasa anataka neno la mtu aliyemwona akikua. Jibu analitaka katikati ya wiki ijayo.

Mtu huyo ni mimi. Nimewatafutia vipaji hapa San Pedro mpaka nywele zimeota mvi. Pilo nilimkuta kwenye kiwanja cha kiwanda cha sukari, ana miaka kumi na tano, miguu mitupu, anaupiga mpira unapotelea kwenye miwa. Sijaona mwingine kama yeye.

Msimu huu gongo lake limevusha ukuta wa uwanja mipira thelathini na minane. Hakuna mpigaji aliyemkaribia. Lakini swali si msimu huu. Ana ishirini na tisa. Swali ni atakuwa nani akiwa na thelathini na saba.

Nimemwambia Minerva hii ni kazi rahisi. Kacheka. Amani imerudi.

Jumatano, 8 Novemba

Kutwa mbele ya video. Macho yanawasha.

Kuna kitu kinanikera. Tangu Juni Pilo kabadili anavyosimama. Zamani alisimama ubavu, bega la kushoto kwa mrushaji, kama wapigaji wengi wa mkono wa kulia. Sasa kafungua kifua, karibu wanatazamana uso kwa uso. Watangazaji wanaimba sifa: kagundua siri! Na kweli, mipira ilizidi kuvuka. Lakini mtu habadili mkao uliompa jina bila sababu.

La pili — Agosti. Pilo analinda besi ya tatu, kazi yake wapinzani wanapopiga. Mpira umepaa juu, yeye na mwenzake wanaukimbilia. Mwenzake anatokea kushoto. Wakagongana vibaya, yule mwenzake akatolewa kwa machela. Magazeti yalimlaumu yule: kwa nini hakuita kwamba mpira ni wake? Nimerudia picha ile sijui mara ngapi. Mdomo wake uko wazi. Anaita! Kelele za uwanja zinammeza, lakini mkono kaunyoosha. Pilo hata hageuki.

La tatu: mipira inayopita chini upande wake wa kushoto. Mwaka juzi alikuwa anairukia kama paka. Sasa inampita, anaondoka sekunde moja baadaye.

Nyonga? Nadhani ni nyonga. Nyonga ikichakaa, mtu haruki. Na mkataba wa miaka minane hauishi juu ya nyonga mbovu.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda uwanjani kwenye mazoezi. Pilo atachezea timu ya hapa nyumbani kipindi hiki cha baridi, watu washibishe macho yao.

Nilisimama pembeni, kushoto kwake, hatua chache tu. Hakuniona. Nikapunga mkono. Anafunga kamba za viatu, kimya. Leoncio, kaka yake, ndiye aliyemgusa bega.

"Aa, Mzee Nereo! Umekuja kunipima kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe angeniamkia kwanza."

Kacheka, kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nikamwambia achuchumae. Kachuchumaa. Nikamwambia aruke kwa mguu mmoja. Karuka, mguu huu, mguu ule, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wenzake walikufa kwa kicheko. Nyonga hiyo ni ya kijana wa miaka kumi na minane.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Kisha tukatoka nje. Gari lake jipya pale, jekundu, na Leoncio anaingia upande wa usukani.

"Wewe huendeshi?"

"Leoncio analipenda kuliko mimi," kasema. Halafu kaenda kwenye mlango wake akipapasa ubavu wa gari kwa mkono mmoja.

Pilo! Aliyekuwa halali usingizi kwa kuwaza magari!

Jumamosi, 11 Novemba

Si nyonga.

Jumapili, 12 Novemba

Nimekwenda kwa mama yake. Mama Zunilda yuko kibarazani kwenye kiti chake cha kubembea, redio mapajani. Alipoteza macho kabla hajafika miaka arobaini. Mtaa mzima unajua — lakini nani alikuwa amekumbuka? Mimi sikukumbuka. Mpaka jana.

Sikuwa nimefungua mdomo. Anajua hatua zangu, yeye ndiye aliyeanza.

"Nereo, hilo stuli kalisogeze ukutani. Pilo analigonga kila akipita."

"Kila akipita, Mama?"

"Akiingia, haligongi. Akitoka ndiyo, maana linakuwa kushoto kwake. Anasema ni uchovu." Kiti kinabembea. "Na mimi nilisema ni uchovu."

Nikamuuliza yake yalivyoanza. Kasema hayakuuma hata kidogo. Yalianza kwenye kingo, kama mtu anayevuta pazia taratibu, na daktari alipomwona alisema kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kingeokolewa kama angekuja mapema. Akasema watoto wapimwe kila mwaka.

"Walipimwa?"

"Walipokuwa wadogo. Halafu huyu mmoja akawa mtu mkubwa."

Pilo alitokea ndani na kikombe cha kahawa. Kaniona usoni, kajua. Tulikwenda nyuma ya nyumba, karibu na sinki la kufulia.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwanzoni nilidhani ni kofia inanizibia."

"Daktari?"

"Daktari yupi, Mzee? Nikikohoa tu nchi hii wanaandika gazetini. Niache nisaini kwanza. Nikishasaini nitatibiwa, naapa kwa mama yangu."

"Utatibiwa kipi? Kitakachokuwa kimebaki?"

"Jicho la kulia linaona vizuri."

"Na mpira ukija kichwani?"

"Ndiyo maana nafungua kifua. Namwona mrushaji vizuri kabisa."

"Kwa jicho moja."

Kaniangalia. Kidevu kakiinua.

"Kwa jicho moja nimevusha thelathini na minane. Niambie nani mwingine kafanya hivyo. Andika hilo kwenye ripoti yako!"

Ningeweza kumbusu paji la uso na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Sikufanya lolote. Nikamwambia nina mpaka Jumatano, na uongo sitaandika. Kasema basi nisiandike kitu. Kasema nilikula kwenye nyumba yao. Ni kweli. Nimekula sana.

Nimemsimulia Minerva. Alikuwa anamenya mhogo, kaweka kisu chini. Kasema, "Huyo mtoto alikuwa analala kwenye kochi lile pale. Usithubutu kumharibia." Nikasema sawa. Baadaye, tukianika nguo, kasema, "Lakini akipofuka, Nereo?" Nikasema sijui.

Jumanne, 14 Novemba

Mchezo wa leo ulianza jua bado lipo. Uwanja umefurika, ngoma, tarumbeta, harufu ya kuku wa kukaanga. Nilikaa nyuma ya wavu, pale ninapokaa siku zote.

Pilo kaja kupiga. Mrushaji ni mgeni, kijana mrefu, anatupa kutoka pembeni kabisa, mkono wa kulia, kwa hiyo mpira unamtokea Pilo kushoto. Mpira wa kwanza Pilo kauacha. Wa pili ulimponyoka yule kijana. Ukaja juu, ndani, usoni! Kila mtu nyuma ya wavu aliinama. Mimi niliinama, na nina wavu mbele yangu!

Pilo hakutikisika.

Mpira ulipita na kofia yake ngumu. Kofia ikaruka, ikazunguka vumbini. Yeye kasimama vilevile, gongo mkononi, kama sanamu. Ndipo akageuza kichwa kutafuta ni nini kimemgusa.

Uwanja ulilipuka! Simba! Simba! Watu wamesimama juu ya viti. Mzee jirani yangu machozi yanamtoka, ananitikisa bega: "Umeona? Hajui hofu huyo!" Na mimi naitazama kofia vumbini.

Mpira uliofuata kauvusha ukuta. Kauvusha!

Nilipotoka, simu. Mama Zunilda, na hanipigii kamwe. Kasikiliza yote redioni, mtangazaji akishangilia ushujaa wa mwanawe asiyepepesa jicho. Sauti yake kavu.

"Hakuuona, siyo?"

"Hakuuona, Mama."

"Njoo na gari asubuhi. Nitakuwa nimeshamtayarisha."

Jumatano, 15 Novemba

Naandika daftari likiwa magotini, kliniki ya macho, mji mkuu. Hakuna aliyetutambua. Pilo kavaa kofia ya Leoncio na miwani. Tulipopita mashamba ya miwa, kasema: "Mama kaniapisha." Na baadaye kidogo: "Hukumwambia Haldane?" Nikasema bado. Kasema, "Asante." Sikutaka ile asante. Sikuwa nimeahidi kitu.

Daktari Lantigua ni mama mnene, mpole, hajui besiboli. Kamuuliza kazi yake. Pilo kajibu: "Nacheza." Daktari kasema vizuri, mazoezi husaidia.

Kampima presha ya macho. Karudia upande wa kushoto. Hakusema namba, kaandika tu.

Haldane kapiga. Nikapokea ukumbini. Ana furaha, kaona mpira wa jana kwenye video: "Umeona alivyosimama, Nereo? Kama mwamba!" Ofa iko tayari, watu wa sheria wanasubiri, anataka neno langu moja tu, ndiyo au hapana. Nikasema nipe saa moja. Akashangaa. "Kuna kitu?" Nikasema nipe saa moja.

Sasa tuko chumba cha mashine. Giza kiasi. Pilo kaweka kidevu ndani ya bakuli kubwa jeupe, jicho la kulia limefunikwa. Kapewa kitufe mkononi. Daktari kamweleza: tazama mbele tu, zitawaka taa ndogo huku na kule, kila ukiiona moja, bonyeza. Mimi niko nyuma yake kwenye kiti. Kutoka hapa naziona zikiwaka ndani ya bakuli. Moja juu. Moja pembeni. Moja karibu kabisa na katikati.

Kitufe kimya.

Nyingine. Nyingine tena. Kidole chake kiko tayari, kimekaza, naona mishipa ya mkono. Kitu anachokiona, huyu mtu hajawahi kukichelewa maishani mwake.

Simu inatetemeka mfukoni. Haldane.

Daktari kageuka, kanitazama mimi. Si Pilo — mimi.

Na Pilo, kidevu bado ndani ya bakuli, kwa sauti ya adabu, kama anayeogopa kusumbua: "Daktari, mimi niko tayari. Unaweza kuanza."