Zaina, ungeshuka nami

Mdogo wangu Zaina,

Binti yako Rehema anakwenda Arusha kusomea uuguzi. Wiki nzima hapa nyumbani Majengo tunazungumzia safari: apande gari moshi hadi Morogoro kisha aunganishe basi, azunguke na basi linalopita Chalinze, au akate moja kwa moja kupitia Kondoa na Babati. Kila Kondoa ikitajwa, mimi hutoka nje.

Unakumbuka tulivyobishana wewe na mimi? Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mwenye mtaji kidogo akikimbilia Arusha kufuata vitenge. Idd ilikuwa imekaribia. Wewe ulikuwa na homa, ukasema, "Dada, tuzunguke Chalinze. Ni mbali, lakini ni lami." Nikakujibu kwamba tukizunguka, wenzetu watakuwa wameshauza na kumaliza. Ukacheka, ukafunga mzigo wako. Hukuwahi kunishinda kwa maneno.

Kondoa tulifika salama. Mbele kidogo tukakuta korongo limejaa, maji yamefunika barabara. Tulisubiri mpaka yakapungua. Konda akasema wanaoweza kuvuka kwa miguu washuke, basi liwe jepesi. Ulikwishasimama, Zaina. Ulikwishavua viatu. Mimi ndiye niliyekushika bega.

"Kaa ndani, usilowe. Homa itakuzidi."

Ukakaa.

Nilikuwa nimefika ng'ambo, nakamua gauni, niliposikia ngurumo kutoka juu ya korongo. Maji mapya yalilikuta basi katikati. Nilikuona dirishani, umelishika kwa mikono miwili, unanitazama. Hukupiga kelele. Basi likalala ubavu, na sikukuona tena mpaka kesho yake, walipokutoa mchangani.

Tangu hapo sijapanda basi. Mvua ikipiga bati naliona lile dirisha. Wakati mwingine Rehema akigeuka ghafla, uso ni wako kabisa, nami husahau nilichotaka kusema. Watu walinipa pole kwa kumlea mtoto wa marehemu. Yeye mwenyewe nilimwambia ilikuwa ajali ya basi, nikaishia hapo.

Juzi aliniuliza, "Mama mkubwa, nipite njia gani?" Ndipo nikamweleza yote, hata lile bega.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama alitaka kushuka?"

"Alitaka."

"Ukamzuia."

"Nilimzuia."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Jana yote hakuniamkia. Unajua mtoto huyu hajawahi kupita mbele yangu bila shikamoo.

Leo asubuhi alitoka bila kuaga. Aliporudi alikaa karibu yangu jikoni, akaanza kuchambua mchele. "Shikamoo," akasema, bila kunitazama. Nikaitikia. Akatoa tiketi mfukoni, akaziweka juu ya ungo. Zilikuwa mbili, za basi la Chalinze.

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia.

"Nami naogopa," akasema. "Utakaa dirishani au nikae mimi?"

Sijui kama amenisamehe. Sikuuliza, naye hakusema. Nimekunja nguo zangu tatu kwenye begi. Tunaondoka kesho alfajiri. Nimemwambia akae yeye dirishani, na basi likisimama popote njiani, tutashuka pamoja.

Lala, Zaina. Mtoto wako niko naye.

Dada yako