Kugonga Bodi Hadi Bundali

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Lucky amerudi kutoka kwa wazazi wake na sura ya mume aliyetumwa. Amekula ugali wote, ndipo akasema: Baba anataka kwenda Bundali. Dada yake mkubwa, Bibi Tupokigwe, hajainuka kitandani tangu Agosti. Ametuma neno, anataka kumwona mdogo wake kabla mvua hazijafunga mlima. Yaani Novemba. Yaani tuna wiki tatu, nne tukiwa na bahati.

Barabara ya kawaida ya kupandia ilimomonyoka masika yaliyopita. Imebaki ile ya zamani ya malori ya mbao, inayopita kwenye mapengo mawili kati ya vilele, juu kabisa mlimani. Anayeijua ni mmoja tu, Baba Mkwe mwenyewe. Ujanani alikuwa utingo wa malori hayo.

Na dereva wa kuiweza njia hiyo kwenye ukoo mzima ni mmoja tu. Mimi. Huu mwaka wa sita naendesha Fuso la mahindi, Ndalambo–Tunduma. Lucky ana IST ya automatiki na anaogopa matuta.

Basi rahisi. Ila mimi na Baba Mkwe haturuhusiwi kuonana.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikulala vizuri, nawaza mimi na yeye ndani ya gari moja.

Miaka kumi na moja ya ndoa. Kwa hawa Wandali wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawasemeshani. Jina lake silitaji – hata humu kwenye daftari mkono unakataa. Nikimwona njiani napinda kwenye mahindi ya watu. Kwetu Mbozi mambo haya yalishalegea, na mwanzoni nilicheka. Sasa nakijua kikohozi chake kuliko ninavyoijua sura yake. Akikohoa mara moja, amekaa sebuleni, nisiingie. Mara mbili, anatoka, nijifiche.

Yeye ananijua kwa gia. Mwaka juzi alimwambia Lucky: mkeo anakanyaga klachi sana. Amekaa ndani, ukuta katikati, anasikiliza Fuso langu likiingia! Sijamsamehe.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa kwanza: ramani. Yeye abaki nyuma kwenye gari jingine, mimi nifuate karatasi. Lucky amekaa naye jioni nzima na kalamu. Ameniletea hii:

Kwa mwalimu mwenye ng'ombe mwekundu, kushoto. Kwenye mti uliopigwa radi, usikate kona, nyoosha. Ukisikia maji kabla ya kuyaona, umepotea.

Lucky alimuuliza kama huo mti bado upo. Mzee akajibu kwamba mti uliokwisha kupigwa radi utakwenda wapi tena. Ya mwaka 1974 yote haya. Ng'ombe mwekundu Mungu amrehemu.

Na hilo gari jingine la kupanda Bundali hatuna.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpango wa pili: pazia. Osea, fundi wa pale Mpemba, ana Land Cruiser ya zamani ya milango mitano. Tumefunga pazia langu la sebuleni nyuma ya kiti cha dereva, Osea akang'oa kioo cha kati ili nisimwone mzee kwa bahati mbaya. Kazi safi. Nikajisifu.

Halafu Osea akauliza: sasa mzee akiwa nyuma ya pazia, njia anaionaje?

Nikalitazama pazia langu.

Lucky akasema basi mzee akae mbele. Osea akauliza: na dereva akae nyuma ya pazia? Alicheka mpaka akakalia tairi. Nimerudi nyumbani na pazia langu, lina grisi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya kanisa, kikao kwa wakwe. Mimi jikoni na Mama Mkwe, Lucky na baba yake sebuleni, mlango wazi kidogo. Kila neno linapita kwa Lucky, anakwenda na kurudi kama mpira. Mama Mkwe, mwenye magoti mabovu na akili nzima, akachoka. Akauliza kwa sauti ya kufika sebuleni: "Utingo alikuwa anakaa wapi?"

 Sauti ya mzee ikajibu: "Juu. Kwenye bodi."

Mama Mkwe akatoa hukumu huku anachambua maharage. Pikapu. Kabini ni nyumba. Bodi, huko nyuma kwenye wazi, ni uani. Mkwe yuko ndani ya nyumba, baba mkwe yuko uani, kosa liko wapi? Mbona ndivyo tunavyoishi siku zote.

Lucky akasema Baba ana miaka sabini na mbili, hataweza kupanda bodi. Hilo halikuhitaji mtu wa kulipeleka. Mzee alisikia, na tukasikia kiti kikisukumwa, anainuka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mazoezi! Osea ametupatia pikapu, Land Cruiser nyingine, yenye injini inayonguruma vizuri. Dirisha la nyuma la kabini tumeliziba kwa kalenda ya kanisa. Kwenye bodi Osea amechomelea bomba la kushikia na kufunga kiti cha mbao kwa mkanda.

Lugha ni ile ya matingo. Kugonga mara moja, simama. Mbili, nenda. Tatu, rudi nyuma. Akigonga paa upande wa kushoto, kata kushoto, kulia, kulia. Nne haimo.

Nilikaa kwenye kabini nikiwa nimeinama kama mwizi mpaka Lucky aliposema ameshapanda. Nikasikia buti juu ya bati. Halafu, pa pa.

Nikaenda.

Tulizunguka kiwanja cha kuanikia mahindi saa nzima. Lucky alikuwa pembeni yangu, hana kazi. Niligundua baadaye, nikiwa naosha miguu: leo nimezungumza na Baba Mkwe kwa mara ya kwanza, na tumeelewana. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Usiku Lucky akaleta maoni ya mzee. Klachi imepungua.

Jumatatu, 21 Oktoba

Simu kutoka mlimani. Bibi Tupokigwe amekataa uji. Anauliza tu leo siku gani.

Upande wa Zambia kuna mawingu tangu jana. Wateja wangu wa Nakonde wanasema mvua mwaka huu inawahi. Safari ilikuwa Jumamosi, tumeiwahisha iwe Alhamisi. Mama Mkwe amefunga blanketi mbili za mgonjwa, unga, na turubai la kumfunika mzee. Mzee amelikataa. Kwa maelezo ya Lucky: utingo hanyeshewi, utingo anaoga.

Nacheka, lakini naogopa. Si njia. Naogopa nimfikishe amechelewa.

Alhamisi, 24 Oktoba. Isongole, saa moja asubuhi

Lucky amemleta kwa IST, mimi peke yangu na pikapu nyuma yao. Hapa tunaachana na lami. IST inabaki. Nimegeukia ukuta wa duka la watu wakati mzee anapanda. Muuza duka ananiangalia kama nimeadhibiwa.

Pa pa. Twende.

Saa tisa alasiri. Pengo la pili

Naandikia juu ya usukani. Pengo la kwanza tulipita saa sita – gia ya kwanza, diff imefungwa ili tairi zote zivute, upande mmoja ukuta, mwingine hakuna kitu. Aligonga kila kona kabla sijaiona. Mti wa radi upo! Kisiki, lakini upo. Lucky alitapika mara mbili.

Hapa mti mwingine, mzima, umelala njiani. Aligonga moja, nikasimama. Lucky amechukua panga, ameshuka bondeni kuita watu. Saa nzima sasa. Mbele ya huo mti, alisema mzee kupitia Lucky, ni kilomita tano tu.

Na mvua imeanza. Ya kwanza, kubwa, ya baridi.

Lucky ndiye mdomo wetu, na mdomo haupo. Turubai lipo – nimechungulia kwenye kioo cha pembeni, nimeona ncha yake tu. Amefunikia blanketi za dada yake, si yeye mwenyewe.

Nimekohoa. Mara mbili, kama yeye. Amejibu, lakini si kikohozi ninachokijua. Hiki kinatoka chini, kinakwaruza.

Dakika kumi. Bati linapigwa na mvua na sisikii kama bado ameshikilia bomba au la. Kiti cha kushoto, cha Lucky, ni kikavu. Nakiangalia. Miaka kumi na moja nimekuwa mkwe mzuri.

Mama Mkwe alisema kabini ni nyumba. Basi mwenye nyumba hii ni mimi, na kuna mzee ananyeshewa uani kwangu.

Nimefungua mlango wa kushoto. Nimejitanda kitenge mpaka puani, nimegeukia dirisha langu, daftari pajani. Nimegonga paa kwa ndani. Mbili.

Hakuna kitu. Mvua inaingia kwenye kiti.

Nimegonga tena.

Gari limenyanyuka kidogo nyuma. Buti kwenye matope, taratibu, upande wa kushoto. Zimesimama mlangoni.

Kikohozi. Mara moja, kile cha kukaa.